Jiwe Gumu, Saruji Dhaifu: Kupanda Ukuta wa Mawe Yaliyogandamana Kwenye Miteremko ya Elgon

Jiwe lilitoka ukutani kama jino la mtoto lililokwisha kulegea. Nilikuwa nimeipita bolti ya tatu, miguu imekaa vizuri, pumzi imetulia, na njia yenyewe ilikuwa ya daraja la 5c, ambalo kwa mtu anayepanda kila wiki si la kumtoa jasho. Nililishika jiwe la ukubwa wa embe dodo, nikaegemea nyuma kidogo ili niione bolti iliyofuata, na jiwe likaja nami. Niliwahi kupiga ukelele mmoja tu, "Jiwe!", kisha nikaanguka kama mita tatu hadi kamba iliponikamata. Mwenzangu aliyeshika kamba hakuwa amesimama chini yangu. Alikuwa pembeni, hatua tatu upande wa kushoto. Jiwe lilitua pale ambapo angekuwa, likadunda, likabiringika hadi kwenye migomba iliyo ukingoni mwa shamba la kahawa.

Nilipotulia nilipanda tena, safari hii nikaning'inia kwenye bolti ya tatu ili nilitazame tundu lililobaki. Lilikuwa laini kama ndani ya kibuyu. Chini yake kulikuwa na vumbi la kijivu, na kijizizi chembamba kama uzi wa kushonea kilichojipenyeza kati ya jiwe na ukuta. Jiwe lenyewe halikuvunjika. Lilianguka likiwa zima, gumu, halina hata ufa. Kilichoachia ni kile kilichokuwa kimelishika, na makala hii inahusu hicho kilicholishika.

Kupanda miamba kwa njia za bolti bado ni mchezo wa wachache hapa Uganda. Wengi waliuona mara ya kwanza kwenye televisheni, ulipoingia kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, na pale washindani walikuwa wakishika vishikio vya plastiki vilivyokazwa kwa skrubu. Kwetu sisi watu wanapanda mwamba halisi. Sipi, wilayani Kapchorwa, kuna njia za bolti, na kuna kuteremka kwa kamba kando ya maporomoko makubwa ya maji, yanayokaribia mita 100. Vijana wa huko ambao zamani walikuwa wakisindikiza wageni tu sasa wanapanda wenyewe, na kila ninapokwenda kuna mmoja atakayeniuliza: "Dada, kama daraja lenyewe ni dogo hivi, mbona wewe unaupanda ukuta huu polepole kuliko ule mgumu?" Kwa muda mrefu nilimjibu kwa sentensi moja, na sentensi moja haitoshi.

Kwa asiyeujua mchezo, mambo yako hivi. Mtu aliyetangulia zamani ametoboa ukuta na kuweka bolti kila baada ya mita chache, zenye kibati cha chuma chenye tundu. Anayepanda anavaa mshipi wa kupandia, kamba imefungwa kwake kwa fundo la nane, na mshika kamba yuko chini. Akifika kwenye bolti ananing'iniza karabina pacha, yaani karabina mbili zilizounganishwa kwa utepe mfupi mgumu: moja inaingia kwenye kibati, ya pili inapokea kamba. Akiteleza, anaanguka hadi chini kidogo ya bolti ya mwisho aliyofunga. Hesabu yote ya usalama wake, basi, inakaa kwenye vitu viwili: bolti ile, na ukuta ulioishika. Bolti imetoka kiwandani na imepimwa. Ukuta haujapimwa na mtu.

Anayetaka kuuelewa ukuta wa aina hii asianze na mlima, aanze na fundi anayemwaga zege. Sisi wa mashariki saruji tunaijua. Tororo imekuwa ikiitengeneza tangu miaka ya 1950. Fundi anachanganya kokoto, mchanga, saruji na maji. Kokoto ndizo ngumu, lakini nguzo haisimami kwa sababu ya kokoto. Inasimama kwa sababu ya kinachozibana pamoja. Fundi akipunja saruji, nguzo itasimama tu, itapigwa plasta, itapakwa rangi, itapendeza. Kwaruza kwa msumari mwaka wa pili, uone: kokoto zinadondoka nzima nzima, kila moja ikiacha kijitundu chake.

Konglomerati ni zege la asili. Mto au mawimbi yanasugua mawe mpaka yanakuwa ya mviringo, yanazikwa kwenye mchanga na tope, halafu kwa muda mrefu sana maji yenye madini yanapenya katikati na kuacha kiunganishi: chokaa, silika, kutu ya chuma, au udongo wa mfinyanzi. Wanajiolojia wanauita mwamba konglomerati iwapo mawe yake ni ya mviringo na yanazidi milimita 2. Yakiwa na pembe kali wanauita brekia. Elgon haikujengwa na mto. Ni volkano kongwe, iliyoanza kulipuka zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, na sehemu kubwa ya mwili wake ni matabaka ya majivu na vipande vya mawe vilivyorushwa hewani, vikaanguka pamoja na majivu hayo, vikashikamana, huku matabaka ya lava yakipita katikati. Mwamba wa namna hiyo huitwa aglomerati. Chanzo ni tofauti, lakini kwa vidole vya mpandaji sheria ni moja: jiwe gumu limekaa ndani ya kitu ambacho si kigumu kama lenyewe.

Si kigumu kwa kiasi gani? Upande wa Kenya wa mlima huuhuu kuna pango la Kitum, ambako tembo huingia gizani usiku na kuchimba kuta kwa pembe zao ili wapate chumvi. Wamefanya hivyo kizazi baada ya kizazi. Ninapowafundisha wageni wa mchezo huwa naanzia hapo, kwa sababu mtu akishawaza kwamba kuna tabaka la mlima huu linalochimbika kwa pembe ya tembo, mkono wake unakuwa na adabu nyingine anapogusa ukuta.

Nisiwatishe bure, hata hivyo. Mwamba wa mawe yaliyogandamana si lazima uwe dhaifu. Montserrat, huko Catalonia nchini Hispania, ni milima mizima ya konglomerati iliyoshikwa kwa chokaa, na watu wameipanda kwa takriban karne moja sasa. Nguzo yake maarufu, Cavall Bernat, ilifikiwa kileleni mwaka 1935. Nchini humohumo kuna Mallos de Riglos, kuta za karibu mita 300 zenye mawe yanayotokeza kama viazi kwenye gunia, na kuna wanaovuka nchi kadhaa kwenda kuzipanda. Huko Meteora, Ugiriki, watawa walijenga nyumba zao juu ya nguzo za konglomerati na mchanga uliogandamana, wakipandishwa kwa nyavu na kamba, na mahali hapo pamekuwa urithi wa dunia tangu 1988. Marekani wana Maple Canyon, jimboni Utah. Kuna kuta kati ya hizo ambazo ukizigonga kwa nyundo zinalia kama chuma. Kwa hiyo mtu akikwambia "ni konglomerati" hajakwambia lolote bado. Muulize imeshikwa na nini.

Sasa tuje kwenye lile swali la kijana wa Sipi, maana fundo la jambo lote liko pale.

Daraja la njia linapima ugumu wa miondoko: vishikio ni vidogo kiasi gani, viko mbali kiasi gani, ukuta umeinama vipi. Kwa mfumo wa Kifaransa unaotumika sehemu nyingi, 5c ni ya wastani na 8a ni ya watu walioutoa mwili wao kwa mchezo huu. Lakini herufi hiyo na tarakimu hiyo havisemi chochote kuhusu kiunganishi. Havikupangwa kusema hivyo. Mtu anaposoma 5c halafu akapumua, amejibiwa kuhusu vidole vyake, naye anadhani amejibiwa kuhusu ukuta.

Kuna zaidi ya hapo. Kwenye mwamba wa aina hii njia ya wastani mara nyingi ndiyo yenye mawe legevu kuliko ile ngumu iliyo jirani yake. Nilichelewa kuliamini hili. Fikiria ukuta uliobinuka, unaokuja mbele juu ya kichwa chako. Jiwe lililolegea pale halina pa kupumzikia. Uzito wake wenyewe umekwisha kulivuta chini, pengine miaka elfu iliyopita. Mvua haiufikii ukuta ule, udongo haukai, nyasi hazioti. Kilichobaki ndicho kilichoshika kweli. Sasa tazama ukuta wa wastani, ulioegemea nyuma kidogo, wenye vijukwaa vya kusimama. Jiwe lililolegea linakaa tu mahali pake, limelazwa kama yai kwenye kiota. Maji ya mvua yanateremka juu yake. Udongo unajaa kwenye vijukwaa, majani yanaota, mizizi inatafuta penye mwanya, na mbuzi aliyeko juu anasukuma changarawe kwa kwato. Ukuta ule haujajisafisha, unakusubiri wewe uusafishe.

Halafu kuna vishikio vyenyewe. Njia inakuwa ya wastani kwa sababu vishikio ni vikubwa, na kishikio kikubwa kwenye ukuta huu ni jiwe lililotokeza sana. Hapo pana hesabu ndogo inayostahili kukaa nayo. Jiwe lenye urefu wa sentimita 20 likiwa limezikwa sentimita 15, mkono wako unashika ncha ya sentimita 5 tu. Unaumia vidole, unalilaani, nalo halitikisiki. Jiwe hilohilo likiwa limezikwa sentimita 5 na kutokeza 15, linajaa kiganja vizuri kabisa, na papo hapo limegeuka mtaimbo: mkono wako uko mbali na mzizi, kila kilo unayoweka inazidishwa kule ndani, na eneo la kiunganishi linalolishika limepungua. Jiwe linalokaribisha mkono kuliko yote ukutani ndilo lenye mzizi mfupi kuliko yote. Ile embe dodo yangu ilikuwa hivyo hasa. Nilipolipima baadaye, alama ya udongo ilionyesha kwamba halikuwa limezama hata robo.

Ongeza na hili: kwenye ukuta ulioegemea, anayeanguka haanguki hewani. Anakutana na vijukwaa njiani. Na mwisho wa yote, nani hupelekwa kwenye njia za wastani? Anayeanza. Yule ambaye bado hajajua kutofautisha sauti ya jiwe lililoshika na sauti ya jiwe lililolazwa ndiye tunayemkabidhi ukuta wenye mawe yaliyolazwa. Jambo hili linaniuma, na nadhani sisi tunaofundisha tumelichukulia kirahisi mno.

Je, unapandaje, basi? Jambo la kwanza ni mwelekeo wa nguvu. Jino halitoki kwa kusukumwa kuelekea kwenye fizi, linatoka kwa kuvutwa nje na kutikiswa. Jiwe linaloweza kubeba mwili wako wote likisukumwa chini na ndani, linaweza kung'oka kwa nguvu ya mkono mmoja likivutwa nje. Kosa langu siku ile halikuwa kulishika, lilikuwa kuegemea nyuma. Mwili unapokaa karibu na ukuta, nyonga zikiwa zimelala mwambani, uzito unashuka wima. Unapojitoa ili utazame juu, uzito uleule unageuka kuwa wa kuvuta nje. Ndiyo maana kwenye ukuta huu napanda kama mtu anayepita dirishani usiku: karibu, polepole, hatua fupi. Miguu ndiyo inayobeba, na miguu kwa asili yake inasukuma chini. Mikono inaweka mizani.

Jambo la pili ni kuugawa uzito. Sehemu tatu zibaki zimeshika wakati ya nne inatafuta, na kishikio kipya kisipewe mwili wote kwa mkupuo. Kinapewa robo, unasikiliza, nusu, unasikiliza, halafu ndipo unaondoka. Kuruka na kunyakua, ambako vijana wanakupenda kwa sababu ndiko wanakokuona kwenye video, hapa ni kumkopesha usiyemjua.

Kusikiliza ninakokusema ni kusikiliza kwa masikio kabisa. Gonga jiwe kwa kisigino cha kiganja huku mkono wa pili umelazwa juu ya kiunganishi kando yake. Jiwe lililoshika linatoa mlio mfupi, wa juu, na mkono wa pili hauhisi kitu, au unahisi mtikisiko uleule kama vile jiwe na ukuta ni kitu kimoja. Jiwe lililolazwa linatoa mlio mzito, wenye uwazi ndani, kama kugonga papai lililoiva. Kisha angalia mzunguko wake. Kama kuna mstari mweusi umelizunguka, au vumbi jipya chini yake, au kuvu ya kijani imeingia kwenye mwanya, hilo limeanza safari. Wadudu nao wanasema kweli: ukiona sisimizi wanaingia na kutoka pembeni mwa jiwe, ujue nyuma yake kuna chumba. Mawe ya namna hiyo tunayawekea alama ya X kwa chaki, ili anayefuata asiyaguse. Chaki inafutika na mvua, kwa hiyo alama ya msimu uliopita haipo, na kukosekana kwa alama si ushahidi kwamba jiwe ni zima.

Hayo ya mikono yanafundishika kwa siku mbili. Ya bolti ndiyo yanayoninyima usingizi.

Kiwango cha Ulaya cha bolti za kupandia kinadai zistahimili kilonyutoni 25 zikivutwa kuelekea chini, sawa na uzito unaokaribia tani mbili na nusu. Namba hiyo inampa mtu imani kubwa, na bolti inaistahili. Lakini kipimo hicho hufanyika kwenye zege la maabara lenye nguvu ya megapaskali 50 hivi, kipimo cha namna zege linavyostahimili kubanwa. Nguzo za nyumba zetu za kawaida humwagwa kwa zege la 20 hadi 25, na majivu ya volkano yaliyogandamana yanaweza kuwa chini ya hapo kwa mbali. Kwa hiyo tarakimu iliyogongwa kwenye kibati inaeleza uhodari wa chuma. Haiwezi kueleza ukuta ambao aliyeigonga hajawahi kuuona.

Bolti ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya kutanuka, ya ukoo mmoja na zile mafundi wanazotumia kukaza geti kwenye nguzo: unatoboa, unaingiza, unakaza nati, na kichwa kilichoko ndani kinatanuka na kubana kuta za tundu. Kwenye granaiti, ule mwamba mgumu, inafaa sana. Kwenye kiunganishi laini, ule ubanaji wenyewe ndio unaoharibu. Unaponda mwamba unaotakiwa kuushika, na kila mwanguko unapanua tundu kidogo. Ya pili ni ya gundi: fimbo ndefu ya chuma iliyozamishwa ndani ya gundi ya epoksi. Hii haibani mahali pamoja. Inasambaza mzigo katika urefu wote wa tundu, haisukumi mwamba kwa nje, na ikiwa ndefu ya kutosha inapita kwenye kiunganishi na kwenye mawe kadhaa, ikayashona pamoja. Kwa kuta za aina hii, mimi ninasimama upande wa gundi bila kusita, na ninapendelea fimbo ndefu kuliko zile za granaiti.

Lakini gundi nayo ina masharti yake, na hapa ndipo haraka inapoua. Ukitoboa majivu yaliyogandamana, tundu linajaa unga laini. Usipoupuliza nje, ukasugua kwa brashi, ukapuliza tena, na kurudia mpaka hakuna vumbi linalotoka, gundi itashika unga badala ya kushika ukuta. Kwa nje hutaona tofauti yoyote. Tundu likiwa na unyevu, gundi nyingi hazishiki sawasawa. Na gundi inahitaji muda wa kukauka kama mtengenezaji alivyoandika, si kama subira yako inavyotaka. Karibu na maporomoko, ambako mvuke wa maji unalowesha chuma mchana na usiku, chuma kiwe kile kisichoshika kutu, cha daraja la juu, kwa sababu kutu inayoanzia ndani ya tundu haionekani mpaka siku yake.

Kuna mabishano ya zamani kuhusu mahali pa kutoboa: kwenye jiwe, au kwenye kiunganishi? Anayesema jiweni anasema jiwe ni gumu. Ni kweli, na ile embe yangu ilikuwa ngumu pia. Bolti iliyokaa ndani ya jiwe moja ina nguvu ya kile kilicholishika jiwe hilo, haizidi hata chembe. Jiwe likiwa kubwa kama meza na limezama, toboa hapo. Likiwa la ukubwa wa kichwa cha mtu, afadhali kiunganishi kilichojaribiwa kwa nyundo, kisicho na mwangwi wa uwazi, mbali na ukingo na mbali na ufa. Kuna ukuta mmoja, ambao sitautaja, nilikokuta bolti fupi za ujenzi zimewekwa kwenye mawe madogo, na kibati kimoja kikizunguka kwa kidole. Niliziondoa mbili kwa mkono na spana. Aliyeziweka hakuwa mtu mbaya. Alinunua alichokipata dukani na alitaka watoto wa kijiji wapande.

Mpandaji asiyeweka bolti naye ana lake la kufanya. Kabla ya kufunga karabina, angalia kama kibati kinacheza, kama kuna nyufa zinazotoka kwenye bolti kama miale ya jua, kama mwamba umemeguka na kuacha sehemu ya fimbo wazi. Na mshika kamba apunguze kishindo: bolti ya juu inabeba mvuto wa pande zote mbili za kamba, wa anayeanguka na wa anayemzuia, kwa hiyo mshika kamba anayejiachia kidogo na kuinuliwa na kamba anaupunguzia ukuta mzigo, ilimradi hakuna kijukwaa cha kumgonga mwenzake.

Kuhusu maji sihitaji kusema mengi kwa watu wa Elgon. Maporomoko ya udongo ya Nametsi, wilayani Bududa, Machi 2010, yaliwachukua watu wengi, na udongo ule ni mtoto wa mwamba wa mlima huu uliooza kwa mvua na joto. Kiunganishi cha majivu au cha mfinyanzi kinapoteza nguvu kikilowa. Uso wa ukuta unakauka kwa jua la saa mbili, ndani bado kumelowa kwa siku kadhaa. Mimi sipandi kuta hizi katikati ya mvua za Machi hadi Mei. Desemba hadi Februari ndiyo miezi yangu, na safari ya kwanza baada ya mvua ni ya kukagua kwa kamba kutoka juu, si ya kutangulia.

Limebaki la walioko chini. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na kwenye ukuta huu wa kwao ni mshika kamba kwanza. Asisimame kwenye mstari wa mpandaji. Asogee pembeni, lakini abaki karibu na ukuta, maana mawe yanayodunda hutua mbali kidogo na shina. Avae kofia ngumu, na atumie kifaa cha kamba kinachojifunga chenyewe, ili jiwe likimpata na mikono ikaachia, mwenzake asianguke hadi chini. Wote wawili wasikilizane juu ya neno moja tu la hatari. Sisi tunasema "Jiwe!", na anayelisikia haangalii juu, anajibana ukutani.

Lakini wa kwao si mshika kamba peke yake. Chini ya kuta zetu kuna mashamba ya kahawa, kuna kijia cha kwenda mtoni, kuna watoto wenye madumu ya maji saa kumi jioni.  Kuna na nyumba za watu. Kabla ya kusafisha njia mpya kwa mtaimbo tunakwenda kwa mwenye shamba, tunakaa, tunaeleza, tunakubaliana siku, na siku hiyo kuna mtu kila upande wa kijia mpaka jiwe la mwisho limeanguka. Kazi hiyo hairudiwi mara moja kwa miaka kumi, inarudiwa kila baada ya mvua. Asiyeweza kuirudia asifungue njia.

Ile siku ya embe dodo nilikwenda kwa mwenye shamba kuomba radhi kwa mche mmoja wa kahawa uliovunjika tawi. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na aliyekuwa ameshika kamba ni mzima?" Nikamwambia ni mzima. Akaenda mwenyewe kwenye migomba, akaliokota jiwe, akaligonga kwa jiwe jingine karibu na sikio lake, akaligeuza, akaligonga tena. "Hili halitapasuka kwenye moto, mwanangu," akasema. "Mama yao ana mafiga mawili tu mazuri." Akaondoka nalo.

Msimu wa kiangazi uliofuata tulikagua njia ile kwa kamba kutoka juu. Lile tundu lilikuwa bado pale, kingo zake ngumu nilipozigonga, vumbi limeoshwa na mvua, kile kijizizi kimekauka. Ncha za vidole zinaingia na kukaa, na zinavuta kuelekea chini tu, hazina namna ya kuvuta nje. Sasa ndicho kishikio cha uhakika kuliko vyote kati ya bolti ya tatu na ya nne.